W-2 haina EIN, au haijafika kabisa: namna ya kutuma ritani ya kodi ya Marekani kwa mtandao

Ukijaza ritani ya kodi ya Marekani kwenye simu au kompyuta, programu haikuvushi ukurasa wa mshahara bila EIN, yaani namba ya tarakimu tisa ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, humpa kila mwajiri. Jina la kampuni unalijua na mshahara unaukumbuka, ila namba huna. Au fomu ya W-2 yenyewe, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi uliyokatwa, haikukufikia: ulihama Texas ukaenda Iowa kufuata kazi ya kiwanda cha nyama, na bahasha ikabaki kwenye sanduku la nyumba uliyotoka.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Kiasi cha mshahara na cha kodi iliyokatwa unaruhusiwa kukadiria, mradi uwe na ushahidi na ueleze ulikokotoa vipi. EIN haikadiriwi. Mfumo wa IRS huilinganisha na orodha yake ritani inapopokelewa. Isipokuwemo, ritani nzima inarudi hata kama hesabu zako zote ni sahihi.

Huenda namba unayo na hujaitambua

W-2 ina namba nyingi, na kosa la kawaida kuliko yote ni kuchukua isiyo yake. Kisanduku a ni namba yako ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii: tarakimu tatu, mbili, kisha nne. Kisanduku b ndicho cha EIN, nayo huandikwa tarakimu mbili, kistari, halafu saba: mfano wa umbo lake ni 12-3456789. Kisanduku d ni namba ya ndani ya ofisi inayotengeneza mishahara. IRS haina haja nayo, na kikiwa kitupu si kosa. Kisanduku 15, chini kabisa, kina kifupi cha jimbo na namba ya mwajiri kwenye jimbo hilo. Hii ya jimbo ndiyo inayowapotosha watu, kwa sababu katika baadhi ya majimbo inafanana na EIN au ina EIN ndani yake na tarakimu za ziada mwishoni. Programu ikikuambia tarakimu zimezidi tisa, angalia kama hukuchukua ya jimbo.

Ukikuta kisanduku b kimeandikwa "Applied For", maana yake mwajiri ameomba namba lakini alikuwa hajapewa alipochapa fomu. Sheria inamruhusu kufanya hivyo. Wewe utasubiri na kumuuliza tena, kwa sababu maneno hayo hayaingii kwenye programu. Na ukikuta namba yenye umbo la Social Security kwenye kisanduku b, jambo linalotokea kwa wanaolea watoto au kutunza wazee majumbani, mwajiri amekosea. Anayeajiri mtu nyumbani kwake naye anatakiwa kuwa na EIN. Aombe, kisha akupe fomu ya marekebisho iitwayo W-2c.

Hakikisha kwanza kwamba unadaiwa W-2

Kama hukukatwa kodi yoyote na malipo yalikuja kamili, labda hukulipwa kama mfanyakazi bali kama mkandarasi, na fomu yako ni 1099-NEC. Hapo mambo ni mepesi. Mapato ya mkandarasi huingia kwenye Schedule C, fomu ya mapato ya aliyejiajiri, na Schedule C haikutaki EIN ya aliyekulipa. Fomu isipofika, unajumlisha ulichopokea kwa kutumia taarifa za benki au daftari lako, unatoa gharama za kazi, unatuma kwa mtandao na kazi imekwisha. Usisubiri 1099. Mlipaji hakulazimika kuitoa kwa malipo yaliyo chini ya dola 600, na kwa malipo ya kuanzia 2026 kiwango hicho kimepanda hadi dola 2,000. Wewe unatangaza pato lote hata kama fomu haikutolewa, na faida ikifika dola 400 unalipa pia kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3.

Lakini kama bosi ndiye aliyekupangia saa, akakupa vifaa na kukuelekeza kila hatua, kisha akakulipa kama mkandarasi ili akwepe kodi, huo ni ugomvi mwingine. Una fomu SS-8 ya kuomba IRS iamue hadhi yako, na 8919 ya kulipa nusu yako tu ya kodi za Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) badala ya kubeba na ya kwake. Kesi kama hiyo usiende peke yako. Tafuta kliniki ya walipa kodi wa kipato cha chini, zinazojulikana kama LITC.

Mwajiri wako ni nani hasa?

Swali linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalopoteza watu wengi wenye kazi za viwandani na maghalani. Mwajiri kwa macho ya IRS ni yule anayetoa hundi na kukata kodi. Kama ulipata kazi kupitia wakala wa ajira, W-2 inatoka kwa wakala, hata kama miezi yote umevaa fulana ya kiwanda na kadi ya kuingilia getini ina nembo ya kiwanda. Ukiwapigia kiwandani watakuambia hawakujui, na watakuwa wanasema kweli.

Kampuni kubwa nazo hulipa kupitia kampuni tanzu. Mfanyakazi wa ghala la Amazon, kwa mfano, kwa kawaida hulipwa na Amazon.com Services LLC, wala si Amazon.com, Inc. Mgahawa wenye jina maarufu mlangoni unaweza kumilikiwa na kampuni ndogo ambayo jina lake hujawahi kulisikia. Kwa hiyo toa slipu yako ya mshahara, au fungua taarifa ya benki uone malipo yaliingia kwa jina gani. Hilo ndilo jina la kutafutia.

Pa kuitafuta EIN

Fuata mpangilio huu, kuanzia pasipo na shaka hadi penye kuhitaji tahadhari.

1. W-2 ya mwaka uliopita, kama mwajiri ni yuleyule. EIN haibadiliki kila mwaka. Inaweza kubadilika kampuni ikiuzwa au ikibadili muundo wake, kwa hiyo linganisha jina la kwenye fomu na la kwenye slipu ya karibuni; yakiachana hata kidogo, uliza.

2. Tovuti ya mishahara. Waajiri wengi hutumia ADP, Paychex, Workday, UKG, Gusto na mifumo ya aina hiyo. Hata ukiwa umeacha kazi, mara nyingi akaunti yako bado inafunguka. Tafuta sehemu ya hati za kodi, upakue W-2 nzima. Tatizo la kawaida hapa ni barua pepe ya kazini uliyosajilia kufungwa ulipoondoka; waombe ofisi ya mishahara wabadilishe iwe ya kwako binafsi.

3. Ofisi ya mishahara au ya wafanyakazi (HR). Piga simu, halafu fuatisha barua pepe ili ubaki na ushahidi. Taja jina lako kama lilivyo kwenye slipu, tarakimu nne za mwisho za Social Security, tarehe ulizofanya kazi na anwani yako mpya. Usiandike Social Security nzima kwenye barua pepe. Msimamizi wa zamu si mtu wa kumuuliza. Mara nyingi hana hata ruhusa ya kuona hati hizo.

4. Fomu 1095-C, inayohusu bima ya afya. Waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote huitengeneza, na siku hizi wengine huitoa kwa anayeomba tu. EIN iko mstari wa 8, imekaa wazi, na watu wanaitupa bila kujua kwamba ndiyo waliyokuwa wakiitafuta.

5. Rekodi za umma. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa huandika EIN kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mwaka, 10-K, na ripoti hizo ziko wazi kwenye hifadhidata ya EDGAR. Mashirika yasiyo ya faida, yakiwemo mengi yanayopokea wakimbizi na hospitali nyingi, yamo kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika yaliyosamehewa kodi. Florida huonyesha EIN kwenye sajili ya kampuni, Sunbiz. Majimbo mengine mengi huonyesha anwani na wakala wa kampuni tu, na hayo nayo yanakusaidia kujua pa kupeleka barua.

Njia hii ya tano ndiyo yenye mtego. 10-K inakupa EIN ya kampuni mama. Ukiitumia ilhali ulilipwa na kampuni tanzu, ritani inaweza kupita, kwa sababu namba ni halali na imo kwenye orodha ya IRS. Shida inakuja baadaye IRS inapolinganisha ulichotangaza na W-2 iliyotoka kwa mwajiri: haioni malipo chini ya namba hiyo, na pesa zako za kurudishiwa zinasimama huku ukiandikiwa barua za kuthibitisha. Ritani iliyorudishwa siku hiyohiyo ina nafuu kuliko iliyopita ikakwama.

Usipoteze muda kuipigia IRS ukitaka wakutajie EIN ya kampuni. Hawatoi namba ya mtu mwingine kwa simu.

Kinachowezekana kupitia IRS ni transkripti ya mishahara na mapato, yaani muhtasari wa kumbukumbu walizo nazo juu yako, ambayo ni bure kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Kuifungua kunahitaji kitambulisho chenye picha na kujipiga picha ya uso. Ina mambo mawili ya kujua. Kwanza, ya mwaka huu mara nyingi haijakamilika mnamo Februari na Machi, wakati ndio unaihitaji, kwa hiyo inafaa zaidi kwa ritani za miaka iliyopita. Pili, inaficha: EIN inaonyeshwa tarakimu nne za mwisho tu. Hata hivyo hizo nne zinatosha kuthibitisha namba uliyoipata kwingine. Ukihitaji nzima kwa ajili ya kujaza ritani, piga simu uombe transkripti isiyofichwa itumwe kwa posta kwenye anwani waliyonayo. Kodi ya jimbo haimo ndani yake.

Tarehe za kuzingatia

Mwajiri anatakiwa kuwa ametoa W-2 ifikapo 31 Januari, au siku ya kazi inayofuata ikiangukia wikendi. Mwaka 2026 ilikuwa 2 Februari. Akiiweka kwenye posta siku hiyo, amefanya wajibu wake, kwa hiyo isipofika tarehe 5 bado usilalamike.

Februari nzima ni ya kumfuatilia mwajiri. Akikutoza ada ndogo ya kuchapa nakala nyingine, sheria haimkatazi.

Mwisho wa Februari ukipita bila fomu, piga IRS 800-829-1040, au weka miadi ya ofisi iliyo karibu kwa 844-545-5640. Uwe na jina lako, anwani, Social Security na simu. Jina la mwajiri, anwani na simu yake. Tarehe ulizoanza na kumaliza kazi. Na makadirio ya mshahara na kodi ya serikali kuu iliyokatwa. IRS humwandikia mwajiri ikimtaka akupe fomu ndani ya siku kumi, na wewe hutumiwa maelekezo pamoja na fomu 4852. Kama Kiingereza cha simu kinakusumbua, kaa na mtu unayemwamini. Wewe mwenyewe jitambulishe kwanza, kisha mwambie mhudumu kwamba unamruhusu huyo azungumze kwa niaba yako.

Kampuni ikiwa imefilisika, wajibu wa W-2 haukufa nayo. Tafuta jina la msimamizi wa ufilisi kwenye barua ulizotumiwa na mahakama, umwandikie yeye.

Kupata tarakimu kutoka kwenye slipu ya mwisho

EIN ukiwa nayo lakini W-2 hakuna, unaweza kuendelea kwa fomu 4852, ambayo ni mbadala wa W-2. Hesabu zake zinatoka kwenye slipu ya mwisho ya mwaka, safu ya jumla tangu Januari, ile yenye herufi YTD. Kosa la karibu kila mtu ni kuchukua jumla ya juu kabisa na kuiingiza kisanduku 1. Jumla hiyo kwa kawaida si kisanduku 1.

Tazama mfano. Slipu ya mwisho wa Desemba inaonyesha mshahara wote dola 38,400. Bima ya afya iliyokatwa kabla ya kodi ni dola 40 kwa wiki, jumla 2,080. Akiba ya uzeeni ya 401(k), asilimia 4, ni 1,536.

Kisanduku 3 na 5, mishahara ya Social Security na Medicare, unatoa bima lakini hutoi 401(k): 38,400 toa 2,080 ni 36,320.

Kisanduku 1, mshahara wa kodi ya mapato, unatoa vyote viwili: 36,320 toa 1,536 ni 34,784.

Sasa jihakiki. Social Security ni asilimia 6.2, hivyo 36,320 mara 0.062 ni 2,251.84. Medicare ni asilimia 1.45, hivyo 36,320 mara 0.0145 ni 526.64. Slipu ikionyesha makato hayohayo, umepatia. Isipoonyesha, geuza hesabu: chukua Medicare iliyokatwa, gawanya kwa 0.0145, na jibu ndilo kisanduku 5 cha kweli. Tofauti kati yake na jumla ya juu inakuambia ni kiasi gani kilitolewa kabla ya kodi ambacho hukukiona. Njia hii inaokoa hata mwenye slipu iliyochapwa vibaya.

Mwenye kuingiza 38,400 kwenye kisanduku 1 katika mfano huu angejitangazia dola 3,616 zisizotozwa kodi, na angelipa kwa ajili yake.

Angalia pia tarehe ya malipo, maana siku ulizofanya kazi hazihesabiki hapa. Wiki ya mwisho ya Desemba iliyolipwa 2 Januari ni ya mwaka unaofuata. Kama slipu uliyobaki nayo ni ya Septemba na ulifanya kazi hadi Novemba, ongeza saa zilizobaki kwa kiwango chako, ukisaidiwa na taarifa za benki. Kumbuka pesa iliyoingia benki imeshakatwa, usiijumlishe kana kwamba ni mshahara kamili.

Kujaza 4852

Programu nyingi hazina kitufe kilichoandikwa 4852 mahali pa wazi. Unafungua ukurasa wa W-2 kama kawaida, halafu unatafuta kisanduku kinachosema hukupata W-2 au unatumia fomu mbadala. Ukikitia alama, programu inaongeza maswali.

Mstari wa 4 ni mwaka na aina ya fomu unayoibadili, chagua W-2. Mstari wa 5 jina na anwani ya mwajiri, la kisheria, si la kwenye bango. Mstari wa 6 ni EIN. Mstari wa 7 ndipo zinapokaa hesabu ulizokokotoa.

Mistari ya 9 na 10 ndiyo inayosomwa na binadamu, na ndiyo watu huijaza kwa neno moja. Ya 9 inauliza ulipataje tarakimu. Ya 10 inauliza ulifanya juhudi gani kupata W-2. Andika kwa Kiingereza kifupi chenye tarehe: slipu ya malipo ya tarehe fulani, safu ya YTD, ukiondoa bima na 401(k); ulimpigia mwajiri tarehe fulani, ukaandika barua pepe tarehe fulani, ukapiga IRS tarehe fulani, na hujapata jibu. "Mwajiri amekataa" peke yake haitoshi.

Anayejaza kodi za watu kwa malipo haruhusiwi kutuma ritani kwa mtandao akitumia slipu pekee mahali pa W-2. Lazima ama W-2 iwepo, ama 4852 ijazwe sawasawa. Ukikutana na anayekuambia Januari tarehe 10 kwamba slipu inatosha, au kwamba "ana EIN" ya kampuni nyingine ya kukutia ili ipite, chukua karatasi zako uondoke. Sahihi kwenye ritani ni yako chini ya kiapo, na yeye mara nyingi hata PTIN, namba ambayo IRS humpa mjaza kodi wa kulipwa, haandiki. Haraka yenyewe haina faida: kwa wanaodai EITC (nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo) au sehemu ya nafuu ya kodi ya mtoto inayorudishwa, sheria inaizuia IRS kuachia pesa kabla ya katikati ya Februari, hata ungetuma siku ya kwanza.

Kama EIN haikupatikana kabisa

Hapa mtandao unafika mwisho. Ritani yenye 4852 isiyo na EIN hutumwa kwa karatasi. Chapa fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, acha mstari wa 6 wa 4852 mtupu, ambatisha 4852 nyuma ya 1040, kabla ya fomu nyingine za ziada, tia sahihi kwa kalamu, na kama mnajaza pamoja mke na mume wote wawili wasaini. Peleka posta kwa njia yenye stakabadhi, kwenye anwani ya IRS inayohusu jimbo lako. Andika namba za akaunti ya benki kwenye ritani, kwa kuwa tangu 30 Septemba 2025 IRS imeanza kuachana na hundi za karatasi. Usitegemee siku 21 ambazo ritani ya mtandao huchukua kwa kawaida. Karatasi huchukua wiki sita au zaidi, na 4852 huongeza muda kwa sababu wanathibitisha.

Ritani ikirudi

Ujumbe wa kukataliwa huja na msimbo. Unaohusu EIN ya W-2 ni FW2-502: namba uliyoingiza haikuonekana kwenye orodha ya IRS. Fanya haya kwa utaratibu.

Soma namba kutoka kulia kwenda kushoto ukilinganisha na fomu. Jicho likisoma kinyume hugundua tarakimu zilizopinduliwa. Angalia 1 na 7, 3 na 8, hasa kama W-2 ni picha ya simu. Hakikisha hukuchukua namba ya jimbo. Kama ulikuwa na kazi mbili, hakikisha hukuziunganisha W-2 mbili kwenye ukurasa mmoja. Kila mwajiri ana ukurasa wake. Namba ikiwa ni ileile iliyochapwa, mpigie mwajiri aithibitishe. Inawezekana aliikosea yeye, na hapo anakudai W-2c. Inawezekana pia kampuni ni changa na namba yake bado haijaingia kwenye orodha. Jaribu tena baada ya muda, au utume karatasi.

Usijaribu kubahatisha kwa kubadili tarakimu moja moja. Ukibahatika kugonga namba halali ya kampuni nyingine, umejitengenezea tatizo kubwa zaidi.

Ritani iliyokataliwa haihesabiwi kuwa imewasilishwa. Lakini kama uliituma kabla ya 15 Aprili ikarudi, una siku tano za kuirekebisha na kuituma tena kwa mtandao, au siku kumi tangu kukataliwa kuipeleka kwa karatasi, na itahesabiwa iliwahi. Hifadhi ujumbe wa kukataliwa. Ndio ushahidi wako.

Ya jimbo

Kama ulifanya kazi Texas, Tennessee, Florida, Washington, Nevada, South Dakota, Wyoming, Alaska au New Hampshire, visanduku vya jimbo kuwa vitupu ni kawaida, maana mshahara hautozwi kodi ya jimbo huko. Usivijaze kwa nguvu. Kwingineko, namba ya mwajiri ya jimbo ikikosekana, ritani ya serikali kuu inaweza kupita na ya jimbo ikarudi. Itafute kwenye W-2 ya zamani au kwa HR. Programu nyingi hukuruhusu kutuma ya serikali kuu kwanza na ya jimbo baadaye.

Aprili ikikaribia

Omba muda kwa fomu 4868. Haihitaji EIN, hutumwa kwa mtandao bure, na inakupeleka hadi 15 Oktoba. Inaongeza muda wa kujaza tu, si wa kulipa. Kadiria unachodaiwa ulipe kabla ya 15 Aprili. Adhabu ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi hadi 25. Ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Ukiona tofauti hiyo utaelewa kwa nini ni afadhali kuwasilisha bila pesa kuliko kutowasilisha. Asiyedaiwa hapati adhabu, ila pesa za kurudishiwa ana miaka mitatu tu ya kuzidai.

Msaada wa bure wa kujaza ritani upo kwenye vituo vya kujitolea vya VITA. Namba ya kutafuta kilicho karibu ni 800-906-9887. Nenda na kitambulisho, kadi za Social Security za nyumba nzima, slipu zote na orodha ya simu ulizopiga.

W-2 ikija baada ya kutuma

Ilinganishe na 4852 yako, mstari kwa mstari. Zikilingana, itunze. Zikitofautiana kwa kitu kinachobadilisha kodi, jaza 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, nayo siku hizi inakwenda kwa mtandao. Usisubiri IRS ikuandikie, kwa sababu riba inahesabiwa tangu tarehe ya mwisho ya kulipa.

Nakala ya 4852 iweke pamoja na slipu zake. Baada ya 30 Septemba fungua akaunti yako kwenye tovuti ya Social Security uangalie kama mshahara wa mwaka ule umeandikwa. Mwajiri asiyetoa W-2 huenda hakuwapelekea wao pia, na mwaka uliokosekana hapo unapunguza pensheni yako ya baadaye. Ukikuta pengo, wapelekee slipu na nakala ya ritani waingize mapato hayo.